Udi ni wa kupashwa, si wa kuunguzwa: vyetezo vya betri kwa macho ya mpambaji

Kila nikitoa mkobani kitana changu cha betri cha kufukizia udi, kazi husimama. Bibi arusi hugeuka, shangazi zake husogea, na maswali huwa yale yale: umekinunua wapi, na unakichaji vipi? Nimeyajibu kwa mdomo muda mrefu. Leo nayaandika, kwa sababu naona watu wanatoa pesa zao kwa kutazama rangi ya plastiki na taa zinazomeremeta, na lile lenye uzito hawaliulizi. La kuuliza ni joto. Kinapanda mpaka wapi, na anayelitawala joto hilo ni wewe au ni chenyewe?

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Mombasa. Kazi yangu huanzia kwenye hina na piko, ikapita kwenye singo, nywele na nguo, na ikaishia kwenye harufu. Bibi arusi wetu akitoka kukaa kwenye kupamba pasi na kufukizwa, wale wanawake waliojaa ukumbini wataona kuna kilichopungua hata kama hawakitaji. Nafanya kazi Kibokoni na Majengo, Kisauni, Likoni ng'ambo ya feri, na siku hizi sana kwenye vyumba vya hoteli huko Nyali na Bamburi. Chetezo cha udongo na makaa yake hakibebeki hivyo. Huwezi kupanda matatu nacho kikiwa kinawaka, na hotelini hawakuruhusu kuwasha mkaa chumbani, na wana haki. Ndiyo maana nikaingia kwenye hivi vya betri, nikavipenda, na nikajifunza kuvichagua.

Kabla ya kifaa, udi wenyewe. Hutokana na miti ya jamii ya Aquilaria, inayoota tangu Assam huko India hadi Kambodia, Vietinamu, Malesia na Indonesia. Mti ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe na nyepesi, wala hazinukii. Ukijeruhiwa, kuvu wakaingia, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mzito wa rangi ya kahawia hadi nyeusi, ukaenea ndani ya mbao. Zile mbao zilizolowa utomvu ndizo udi. Ukiwa umejaa sana, kipande huzama majini ingawa ni ubao. Inachukua miaka mingi mpaka kufikia hapo, na miti yenyewe imekatwa sana, ndiyo maana udi wa maana unauzwa kwa tola, gramu 11 na kitu, na bei yake humfanya mtu avute pumzi.

Sasa, harufu imo kwenye ule utomvu. Mbao ni chombo tu. Na utomvu hauhitaji moto ili utoe harufu, unahitaji kupashwa mpaka mafuta yake yageuke mvuke. Mbao zikipita nyuzi 200 za selisiasi huanza kuharibika na kutoa moshi, na zikikaribia 300 zinageuka makaa. Kaa jekundu liko juu ya nyuzi 600. Weka kipande cha udi wa thamani juu ya kaa kama hilo: dakika ya kwanza utapata harufu nzuri, baada yake unanusa ukuni unaoungua, na pesa yako imekwenda. Wengi waliozoea hivyo hudhani ule ukali wa mwisho ndio harufu ya udi. Sio. Udi uliopashwa polepole una utamu, una uchungu kidogo wa ngozi na ardhi, unabadilika kadiri unavyokaa, na unashika kwenye nguo mpaka siku ya pili na ya tatu.

Wazee wetu walilijua hili pasi na kipimajoto. Nyanyangu hakuwa akitia udi juu ya kaa linalowaka. Aliyaacha makaa yavae majivu, akaongeza majivu mengine kwa kijiko, akayabonyeza, ndipo akaweka udi pembeni, si katikati. Ukimharakisha anakwambia, "Ngoja moto ulale." Wajapani nao, katika sanaa yao ya kunusa manukato, huzika kaa ndani ya majivu meupe, wakatoboa njia ndogo ya joto, wakaweka juu yake kibamba chembamba cha ulanga, yaani madini ya maika, na kipande cha udi kidogo sana juu ya kibamba hicho. Watu wa pwani mbili zilizo mbali namna ile wamefikia jambo lile lile: kuweka kitu kati ya moto na udi. Chetezo cha umeme kilicho kizuri ni kile kinachofanya kazi ya majivu.

Ndani ya kifaa hamna mengi. Chini kuna betri. Juu yake kibao kidogo cha elektroniki chenye kitufe. Juu kabisa kuna kipashio, ambacho ni waya au kibamba cha seramiki, na juu ya kipashio kuna sahani au kikombe cha kuwekea udi. Kisha kifuniko chenye matundu. Kikiwa cha umbo la kitana, matundu yamo katikati ya meno, mvuke ukapita humo hadi kwenye nywele. Kikiwa cha umbo la kisanduku au kikombe, unakiweka mezani au ndani ya kabati.

Vijana huniambia kwamba kitana changu kinafanana na zile kalamu za mvuke. Ni kweli, ni ndugu. Sigara ya kielektroniki kama tunavyoijua leo ilibuniwa huko China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik, na toka hapo kalamu zikazaana. Katika nchi ambazo sheria inaruhusu, kama Kanada, ziko zilizotengenezwa mahsusi kwa nta nzito ya bangi: kikombe kidogo cha seramiki, koili chini yake, betri, kitufe kimoja unachobonyeza mara tano kuwasha, na taa ya rangi inayokuonyesha uko daraja gani ya joto. Hapa Kenya bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na mimi shauri langu kwa vijana wetu ni wakae mbali nayo. Lakini waliozitengeneza kalamu zile walipambana na tatizo ambalo ni letu pia. Nta nzito ikipashwa kidogo haitoi kitu, na ikipashwa sana inaungua na kuharibika harufu. Ili kulitatua wakaleta kikombe cha seramiki kisichoungua, wakaleta daraja za joto, wakaleta kihisi kinachozima umeme sahani ikifika kiwango. Vyote hivyo ndivyo ninavyovitafuta kwenye chetezo. Na niseme wazi, kwa kuwa nimeona mtu akijaribu: chetezo cha udi si cha kuvuta mdomoni. Udi ni wa nguo, nywele na chumba.

Turudi kwenye joto, maana hapo ndipo vifaa vinapotofautiana kweli.

Kuna vile ambavyo ndani yake ni waya wa nikeli na kromu uliozungushwa, basi. Hakuna kihisi. Ukibonyeza, waya unapanda, na utaendelea kupanda mpaka uachie kitufe au betri ichoke. Hivi ndivyo vinavyouzwa rahisi kabisa, na ndivyo vinavyounguza udi ukadhani ni udi mbaya.

Kuna vya kibamba cha seramiki ambacho, kikifika joto fulani, ukinzani wake hupanda ghafla, umeme ukapungua wenyewe. Kibamba hicho hutengenezwa kwa aina ya seramiki iitwayo bariamu titaneti, na uzuri wake ni kwamba kinajizuia hata kama kile kibao cha elektroniki kimeharibika. Kwa usalama nakisifu. Upungufu wake ni kwamba joto limeshapangwa kiwandani na huna la kulifanya. Vingi nilivyovishika vimepangwa juu, kwa ajili ya udi wa kupika wenye sukari, si kwa vipande vya udi mtupu.

Halafu kuna vyenye kihisi chini ya sahani na daraja tatu au nne za kuchagua. Vingine vinaandika nyuzi kwenye kioo kidogo. Hiki ndicho cha kununua ukiweza. Kwa kipande cha udi mzuri naanza kwenye nyuzi 120 hivi, nangoja harufu ya kwanza, kisha napandisha hadi 150, na mwisho 180 ili kumaliza kilichobaki. Sipiti hapo. Kipande kimoja kidogo kikipashwa namna hii kinafukiza kanzu ya bwana arusi, gauni la bibi arusi na mtandio wake, na bado kina kitu ndani. Wakati wa kukitupa kinakuwa kimekauka, chepesi, rangi ya kahawia, si jivu.

Namba kwenye kioo zisikutoshe. Dukani unaweza kujaribu kwa punje chache za sukari nyeupe juu ya kipande cha karatasi ya foili. Sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, na hata kabla ya hapo huanza kubadilika rangi. Weka daraja ya chini kabisa, uhesabu dakika tatu nne. Punje zikibaki nyeupe na kavu, daraja hiyo inafaa kwa udi. Zikiyeyuka na kuwa kahawia upesi, basi hiyo iliyoandikwa "chini" ni ya juu, na kifaa hicho hakikufai ila kwa udi wa kupika. Muuza duka mwenye bidhaa nzuri hatakukataza. Pale Marikiti na Mtaa wa Biashara wapo wenye kukuwekea umeme ujaribu mwenyewe, na wapo watakaokwambia ukifungua boksi umenunua. Hao wa pili nawapita.

Sahani nayo ina mambo yake. Udi wa kupika, ule unaochanganywa unga wa udi na sandali, sukari iliyochemshwa, marashi, miski na ambari, ukaumbwa vidonge au ukakatwa vipande, una tabia ya kuyeyuka. Sukari yake inageuka lami nyeusi inayoshika kwenye sahani, na ukija kuweka udi mtupu siku nyingine utanusa ile lami kwanza. Kwa hiyo sahani itoke. Kama kikombe hakitoki kwenye kipashio, kifaa hicho kina miezi michache tu ya uhai kwenye mikono ya mtu anayekitumia kwa kazi. Kikombe cha seramiki laini kinafutika kikiwa na uvuguvugu kwa pamba na spiriti kidogo, betri ikiwa imezimwa na spiriti ikaachwa ikauke kabisa kabla ya kuwasha tena. Kile cha chuma chepesi kilichopakwa rangi ya dhahabu usikiguse: rangi inabanduka kwa joto, na hujui ni nini unachokifukiza pamoja na udi wako. Kwa vidonge vyenye sukari mimi nakata duara la foili nalitandika kila mara. Ni jambo dogo, lakini limenirefushia kifaa maisha.

Ubani ni mwingine kabisa, na hapa lazima niwaonye wenzangu. Ubani ni utomvu wa miti ya Boswellia, wa Dhofar huko Oman, Yemen na Somalia. Hauna mbao ya kuushika. Ukipashwa unalainika, unatiririka, na unatafuta tundu. Kwenye kitana utaingia kati ya meno, ukateremka hadi kwenye kipashio, ukaganda huko. Harufu yake ya mwanzo, ile ya ndimu na msonobari, hutoka upesi kwa sababu mafuta yake mepesi huchemka kwenye nyuzi 156 na kuendelea, kisha hubaki gamu inayoungua. Ukitaka ubani kwa betri, tumia kisanduku chenye kikombe kirefu chenye kuta, weka punje mbili tatu tu, na usikiinamishe. Kwa hitima au maulidi, ambapo ubani unafuka saa nzima na nyumba imejaa watu, milango wazi, chetezo cha makaa ndicho chenyewe. Sijaona cha betri kinachokiweza, na sioni haja ya kukilazimisha.

Betri nitaipitia haraka, ingawa wauzaji huanza nayo. Ni ya lithiamu, volti 3.7. Chukua ile namba ya mAh, yaani ya ujazo wa betri, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1000, utapata wati-saa. Betri ya 2000 ina wati-saa 7.4. Kipashio cha wati 10 kitaimaliza kwa dakika arobaini na kitu kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli ni chini ya hapo kwa sababu kuna kinachopotea njiani. Kwa kumfukiza mtu mmoja inatosha sana, maana hukishikilii kikiwaka muda wote. Kwa siku ya arusi yenye bibi arusi, dada zake na mama mkwe, beba na pawabenki. Na mtu akikuuzia kitana chembamba kilichoandikwa 9900, jua namba hiyo haina ukweli. Ile seli ya duara inayotumika sana, ya 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, hata iliyo bora haizidi 3500 kwa mengi. Aliyedanganya kwenye betri, sitarajii aseme kweli kwenye joto.

Mdomo wa kuchajia uwe ule wa duara-bapa unaoingia pande zote mbili, aina ya C, kwa kuwa ule mwembamba wa zamani unalegea upesi na hapa kwetu hewa ya chumvi inaumaliza. Nimeona vidole vya shaba ndani ya mdomo vikiota ukijani kwa mtu anayeishi karibu na bahari asiyefunika kifaa chake. Ukikiweka, kiweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na betri ikianza kuvimba, kifaa kikawa hakifungiki vizuri, kazi yake imekwisha siku hiyo hiyo, usisubiri arusi ipite.

Sasa nguo na nywele, maana ndiko kazi yangu iliko.

Zamani nguo zilitandazwa juu ya tenga, chetezo kikawa chini, na umbali ule kati ya moto na kitambaa ulikuwa kinga. Kitana kinaondoa umbali. Kinagusa. Magauni ya siku hizi mengi yana nailoni na poliesta, lesi za nailoni, nyavu za kichwani za nailoni. Nailoni ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, na husinyaa kabla ya hapo. Kipashio kisicho na kihisi kinaweza kufika huko bila ya wewe kujua. Kwa hiyo meno ya kitana yawe marefu na yawe ya kitu kisichobeba joto, na kabla sijagusa gauni la mtu napitisha upande wa ndani wa pindo kwanza. Hariri na pamba zinavumilia zaidi, na ndizo zinazoshika udi vizuri kuliko zote. Ukitaka gauni la lesi linukie, fukiza bitana na shela ya hariri, uliache gauni lenyewe lipate la ndani.

Na nywele. Fukiza kabla ya dawa ya kupulizia, si baada. Kopo la dawa ya nywele limejaa spiriti na gesi ya kusukumia, vyote hushika moto. Manukato ya kupulizia nayo ni spiriti. Mpangilio wangu ni huu: nywele zikaushwe, mafuta kidogo sana, udi, halafu zisukwe au zipandishwe, na dawa ya kupulizia mwisho kabisa, kitana kikiwa kimeshazimwa na kimo ndani ya kopo lake. Nikifika chumbani nikakuta msusi ameshapulizia, sifukizi nywele. Nafukiza mtandio. Mama mmoja wa bibi arusi aliwahi kuniambia, "Mwanangu, fukiza tu, ni dakika moja." Nikamjibu, "Mama, nisamehe, dakika hiyo siitoi." Akakubali, na mtandio ukamtosha bintiye.

Kuhusu vyumba vya hoteli, kila mtu ananiuliza kama king'ora cha moshi hulia. Udi ukipashwa chini ya nyuzi 180 hutoa mvuke mwembamba kuliko moshi wa kaa, na ukifungua dirisha na kukaa mbali na kile kidude cha darini, mara nyingi hakuna shida. Lakini naomba ruhusa mapokezi kila mara. Kukifunika king'ora kwa mfuko wa plastiki, kama wanavyofanya wengine, ni hatari kwa watu wote waliolala jengo zima, na sitaki kuhusishwa nako.

Makaa yana hatari nyingine isiyoonekana. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi inaweza kuua. Vile vidonge vya makaa vinavyoshika moto upesi vimetiwa chumvi ya nitrati ili viwake, na ule moshi wake wa mwanzo mtu hatakiwi kuuvuta. Chetezo cha betri kinaondoa mkaa, na kwa hilo peke yake kina faida kubwa kwa nyumba zetu ndogo za Mji wa Kale zenye dirisha moja. Hakiondoi kila kitu. Mvuke na moshi wa udi bado una chembechembe, na mwenye pumu atabanwa. Mzazi aliye ndani ya arobaini yake tunamfukiza, ni ada yetu na naipenda, lakini mtoto mchanga naomba atolewe chumbani kwanza, arudishwe hewa ikishatulia. Mama akishafukizwa nguo na nywele, mtoto ataipata harufu kifuani pake.

Kazi moja ambayo kisanduku cha betri kinaifanya vizuri kuliko hata chetezo cha udongo ni kabati wakati wa masika. Mvua ya mwezi wa nne na wa tano huku kwetu inaingiza unyevu kila mahali. Kanzu na mabuibui yaliyokunjwa yanapata uvundo. Makaa huwezi kuyaingiza kabatini. Kisanduku chenye saa ya kujizima unaweza, ukiwa umekaa hapo hapo unakitazama: nguo zikishakauka kabisa, daraja ya chini, dakika kumi, mlango ukaachwa wazi kidogo, nguo zisikiguse. Fanya hivyo baada ya kuzianika nguo, si badala ya kuzianika, maana udi juu ya uvundo huzaa harufu mbaya kuliko uvundo peke yake.

Mwisho, kwa wale mnaosafiri, maana maharusi wengi ninaowapamba huondoka wiki hiyo hiyo kwenda Ghuba, Uingereza au Umra. Chetezo chenye betri ya lithiamu kipande nawe ndani ya ndege, kisiwe kwenye sanduku la kupakiwa, na kizimwe kwa namna ambayo hakiwezi kujiwasha mkobani. Betri zote za vifaa hivi ziko mbali chini ya wati-saa 100, kiwango ambacho mashirika ya ndege kwa kawaida hukikubali bila ya kibali. Kikombe kisafishwe kisiwe na masalio, ili usimpe mkaguzi kazi ya kukinusa.

Udi nao una sheria zake. Miti yote ya Aquilaria iko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kuanzia aina moja mwaka 1995 na kisha jamii nzima kwa uamuzi wa mwaka 2004. Kwa matumizi yako mwenyewe mkataba unamruhusu msafiri kilo moja ya vipande na mililita 24 za mafuta bila ya karatasi, ila nchi yoyote inaweza kuweka masharti makali zaidi, basi uliza ubalozi kabla. Hifadhi risiti ya duka. Na sandali ya hapa kwetu, ile ya mti wa Osyris, usiibebe kabisa: ukataji wake umepigwa marufuku Kenya toka 2007, na anayekuuzia vipande vyake barabarani anakuuzia kesi. Tia udi wako ndani ya kopo la bati lisilopitisha hewa, chetezo mfuko wake, waya wa kuchajia pembeni, na foili zako umekata kabisa nyumbani.